Tulimcheka Lucy Kibaki, Hatukumuuliza Swali

Ukimtaja Lucy Kibaki mbele ya Mkenya yeyote aliyekuwa akitazama habari mwaka wa 2005, kitu cha kwanza utakachosikia ni kofi. Cha pili ni kicheko. Wengine huishia hapo, na kwa miaka ishirini hiyo imekuwa ndiyo stori nzima.

Kwa wale mliokuwa bado mnanyonya, ilikuwa hivi. Usiku wa Mei 2, 2005, mke wa Rais Mwai Kibaki aliingia Nation Centre, pale Kimathi Street, akiwa na walinzi. Alikuwa amekasirika vibaya. Magazeti yalikuwa yameandika kwamba siku chache kabla, alivamia karamu ya kumuaga jirani yake wa Muthaiga, Makhtar Diop, mkurugenzi wa Benki ya Dunia nchini, akitaka muziki uzimwe. Basi akaingia chumba cha habari, akawapokonya wanahabari vifaa vyao vya kazi, akawasomea hadi alfajiri. Clifford Derrick, mpiga picha wa KTN aliyekuja kuifuata stori, akala kofi. Kulipokucha ilikuwa Mei 3, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani. Hata mwandishi wa vichekesho angeona aibu kuipanga hivyo.

Derrick alijaribu kwenda kortini. Haikufika popote. Lucy Kibaki hakuwahi kusimama kizimbani kueleza chochote. Lakini utani ulienda mbali sana, na hoja yangu ni kwamba ule utani ulimlinda kuliko walinzi aliokuja nao.

Anza na majina tuliyompa. Kwenye taarifa za habari za Kiswahili, mke wa rais huitwa Mama wa Taifa. Jina tamu, lakini lina kazi yake. Mama haulizwi alikuwa wapi usiku. Mama akikupiga kofi, umefunzwa adabu, na ukilalamika wewe ndiye mtovu wa adabu. Ukishakubali kwamba taifa lina mama, umeshakubali kwamba wewe, mlipa kodi mwenye kitambulisho na kura, ni mtoto. Mwanahabari mtu mzima anapigwa akiwa kazini, halafu lugha yenyewe inamwambia atulie, huyo ni mama.

Mtaani alikuwa na jina lingine: yule mama. Huyo naye ni kichaa, ana mdomo, hana breki, mzee amekaliwa. Hebu lisikilize hilo neno, amekaliwa. Kibaki alikuwa Amiri Jeshi Mkuu. Wale walinzi walioingia chumba cha habari na mkewe walilipwa na serikali yake. Lakini kwenye utani wetu alikuwa tu mzee wa watu, mpole, mpenda gofu, mwenye bibi mkali. Tulimwonea huruma. Swali la kwa nini askari wa umma walisimama wakitazama raia akipigwa halikumfikia kabisa, kwa sababu tulishaamua kwamba mambo yale ni ya nyumbani. Na mambo ya nyumbani, kama tulivyofunzwa, hayaingiliwi.

Kwa hivyo majina yote mawili yalifanya kazi moja. Mama wa Taifa hakuguswa kwa sababu ya heshima. Yule mama hakuguswa kwa sababu nani atamhoji kichaa? Katikati yake kulikuwa na mtu wa tatu ambaye hatukumpa jina: mtu ambaye hakuchaguliwa na yeyote, lakini akisema neno, askari wanatii.

Tazama pia kile kicheko kilichofunika. Karamu ya Muthaiga tuliisimulia kama ugomvi wa majirani na kelele za muziki. Lakini iliripotiwa wakati huo kwamba nyumba aliyoishi Diop ilikuwa ya familia ya Kibaki. Polepole hapo. Mwakilishi wa Benki ya Dunia, ambaye kazi yake ni kuikodolea macho serikali inayokopa, alikuwa mpangaji wa rais wa serikali hiyo. Na hii ni Aprili 2005. John Githongo, aliyepewa kazi ya kupambana na ufisadi pale Ikulu, alikuwa amejiuzulu Februari hiyo akiwa London, na kashfa ya Anglo Leasing ilikuwa inanuka nchi nzima. Mwenye nyumba na mpangaji. Hiyo ndiyo ilikuwa stori. Sisi tulibaki kujadili sauti ya spika.

Mwaka uliofuata akatupa nafasi nyingine ya kumhoji, nayo ikatupita. Mei 2006 aliwaambia wanafunzi kwamba vijana ambao hawajaoa wala kuolewa hawana haja na kondomu. Hakuwa shangazi anayetoa ushauri harusini. Alikuwa kiongozi wa tawi la Kenya la muungano wa wake za marais wa Afrika dhidi ya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2003 ulikuwa umeonyesha kwamba asilimia 6.7 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi. Wanaharakati walipinga, kweli. Lakini linganisha maisha ya hizo stori mbili. Kofi lilimwumiza mtu mmoja na bado tunalisimulia. Kauli ile iligusa kitanda na maisha ya kila kijana nchini, na ni nani anayeikumbuka? Haikuwa na video ya kuchekesha.

Halafu kuna Machi 2009. Mara hii Kibaki mwenyewe aliwaita wanahabari Ikulu, mkewe akiwa kando yake, kutangaza kwamba ana mke mmoja tu. Kwa miaka magazeti yalikuwa yakimhusisha na mwanamke mwingine, na tayari 2004 Ikulu ilikuwa imetoa taarifa kuorodhesha nani ndio familia ya rais. Wasee walicheka hadi machozi. Ukiangalia uso wa Lucy kwenye picha za siku ile, unaweza kujiuliza kama kuna mtu aliyefikiria jinsi inavyokuwa ndoa yako ikigeuzwa kipindi cha vichekesho kwa nchi nzima, tena mumeo akiwa hajawahi kuchekwa hata robo ya ulivyochekwa wewe. Hapo tulimwonea. Mwaume anayedaiwa kuwa na nyumba mbili tunasema ni mambo ya wanaume. Mwanamke anayekasirika kwa sababu hiyo tunasema ana wazimu.

Lakini usisahau wiki yenyewe. Serikali ilikuwa imetangaza njaa kuwa janga la taifa mnamo Januari. Siku mbili baada ya mkutano ule wa Ikulu, Oscar Kamau Kingara na John Paul Oulu, watetezi wa haki waliokuwa wakikusanya ushahidi kuhusu mauaji ya kiholela yanayohusishwa na polisi, walipigwa risasi jijini Nairobi wakiwa ndani ya gari. Mara ngapi umesikia mkutano wa mke mmoja ukisimuliwa? Na hao wawili je?

Alipofariki London, Aprili 26, 2016, rambirambi zikabadilisha rangi ya kila kitu. Ghafla ukali ukawa msimamo na hasira zikawa ujasiri. Yule mama akarudi kuwa Mama wa Taifa, na Derrick akapotea kwenye simulizi kama vile alijipiga mwenyewe. Sioni ubaya kumsifu marehemu. Lucy Kibaki alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mke wa rais, na pengine hakuna aliyemwonyesha jinsi ya kuishi Ikulu huku gazeti likilala kitandani mwake. Lakini kumtukuza ni njia ileile ya kumcheka, ukiigeuza tu upande wa pili. Zote mbili zinakwepa kumchukua kama mtu mzima aliyetumia nguvu zisizokuwa zake, akamwumiza mtu, na asilipe.

Ndiyo maana nilifurahi, tena kwa uchungu, mnamo Julai 2024. Baada ya maandamano ya Juni, baada ya vijana kuuawa barabarani, Rais William Ruto alitangaza Julai 5 kwamba fedha za kuendesha ofisi ya mke wa rais na ya mke wa naibu wa rais zitaondolewa kwenye bajeti. Katiba ya 2010 haina cheo hicho. Wake za marais wetu walikuwa wamezoeleka na misafara na miradi yao, na kwa miongo tulikuwa tunajadili vitambaa vyao, tabasamu zao, hasira zao. Ilichukua kizazi ambacho hakimwiti mtu mama kama hakumzaa kufungua kitabu cha bajeti na kuuliza: hii pesa ni ya nani, na imepitishwa na nani?

Hilo ndilo swali ambalo Lucy Kibaki hakuulizwa. Lingemtendea haki zaidi ya utani wote tuliomtupia, maana halihitaji kujua kama ana hasira, kama mumewe ana mwingine, au kama amelala vizuri. Linahitaji tu kujua nani alimlipa yule mlinzi aliyekuwa mlangoni usiku ule. Jibu ni sisi, pamoja na Clifford Derrick.