Kufanana si Undugu: Maandiko Mawili juu ya Kereng'ende

Katika mafundisho yetu juu ya uumbaji tunapenda kutoa mifano ya wanyama na wadudu. Ni desturi njema: Bwana wetu mwenyewe alionyesha ndege wa angani na maua ya shamba. Lakini mfano usiopimwa waweza kumwaibisha mwalimu. Basi tupime hapa maandiko mawili ya wataalamu juu ya kereng'ende wembamba wa inchi za joto.

Jambo lenyewe ni hili. Katika misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji anaishi kereng'ende mkubwa aitwaye Coryphagrion grandis. Ng'ambo ya bahari, katika misitu ya Amerika ya Kati na ya Kusini, wako wakubwa wengine, karibu aina 20. Mmoja wao, Megaloprepus caerulatus, akitandaza mabawa aweza kufikia sentimita 19. Huku na huko wanataga mayai katika maji machache yanayokaa ndani ya mimea, kama katika matundu ya miti. Na wakisha kukomaa wananyakua buibui katika tando zao. Je, wote ni uzao wa babu mmoja?

Mwaka 2007 Groeneveld, Clausnitzer na Hadrys walichunguza alama za urithi katika chembe za miili yao, wakajibu: ndiyo, ni jamaa moja. Wakaona kwamba yule wa Afrika ni sazo la zamani zile Afrika na Amerika ya Kusini zilipokuwa bara moja, kabla ya kutengana yapata miaka milioni 100 iliyopita. Sifa ya andiko hili ni kwamba halikutosheka na sura ya nje. Hata hivyo, kuonyesha undugu ni kazi moja, na kuonyesha njia ambayo ndugu walisambaa ni kazi nyingine. Ya pili yadai hesabu ya miaka.

Mwaka 2019 Toussaint na wenzake watatu walirudia swali lile katika gazeti Evolution, wakapata jibu jingine: ukubwa ule ulitokea mara mbili, Afrika peke yake na Amerika peke yake. Maisha yaliyofanana yameleta miili iliyofanana. Sisi twaona jibu hili lina nguvu zaidi, maana lina shahidi wa pembeni. Mwaka 2014 Dijkstra na wenzake walipanga upya jamaa za kereng'ende wembamba. Jamaa moja ya kale, iliyokusanywa kwa sababu ya mishipa michache ya mabawa, ikavunjika vipande viwili: wale wa Afrika na Asia wakawa na ndugu zao, na wale wa Amerika na ndugu zao. Basi mabawa yalikuwa yamewadanganya wataalamu.

Lakini tusiende mbali kupita ushahidi. Mifano miwili haifanyi sheria, na andiko la tatu laweza kusahihisha la pili. Hiyo si aibu ya elimu. Ndiyo kazi yake.

Waseminari wetu wasiogope maneno haya. Pio XII, mwaka 1950, katika Humani generis, aliruhusu uchunguzi juu ya asili ya mwili. Na Yohane Paulo II, mwaka 1996, alisema kwamba mafundisho ya mageuzi yamepita kuwa dhana tu. Mungu ndiye Sababu ya kwanza. Msitu, maji na urithi ni sababu za pili, nazo zinafanya kazi kwelikweli.

Hatari iko kwingine. Katekista akihubiri leo kwamba kereng'ende hawa ni ndugu waliotengwa na bahari, na kijana wa shule amesoma andiko la 2019, kijana atauliza: kama mwalimu amekosa juu ya mdudu, nitamwamini namna gani juu ya ufufuko? Mtakatifu Augustino aliona hatari hiyo zamani, alipofafanua kitabu cha Mwanzo. Kwa hiyo mwenye kutaka mfano huu autumie hivi: Muumba amevipa viumbe uwezo wa kufikia umbo moja kwa njia mbili. Hilo latosha kumsifu, wala haliongezi neno lisilothibitika.