Anacheka Nini Huyo? Namna ya Kupima Katuni Zinazodhihaki Gemu

Kicheko cha shabiki wa gemu si ushahidi wa kutegemea. Mwonyeshe Mario anapita tu nyuma ya meza, hajasema neno, hajafanya lolote, na tayari keshapiga kelele na kumgonga mwenzake bega. Hajachekeshwa huyo. Kamwona anayemjua, kama mtu anavyoshtuka akimwona jirani yake kwenye taarifa ya habari. Watengenezaji wavivu wa katuni za mtandaoni wanaijua vizuri siri hii, ndiyo maana zipo video kibao ambazo mzaha wake wote ni kwamba fulani wa gemu hii kakutana na fulani wa gemu ile. Kwa hiyo ukitaka kuitambua kazi nzuri, usihesabu vicheko. Angalia vimetokea wapi, nani kaanza, na nani kabaki anauliza, "Sasa hapo mnacheka nini?"

Napenda kuketisha watu wawili mbele ya skrini moja: mmoja aliyekua na pedi mkononi, mwingine ambaye gemu pekee aliyowahi kuicheza ni ile ya nyoka kwenye simu ya kitochi. Katuni mbovu humchekesha wa kwanza peke yake mwanzo hadi mwisho, wa pili akawa anatafuta rimoti. Katuni nzuri huwapata wote wawili, ila mara nyingi kila mmoja kwa wakati wake. Huyu anacheka, yule anamtazama; dakika haijapita, yule naye kaangua kicheko na huyu ndiye anayeshangaa. Mapishano hayo ndiyo ninayoyatafuta.

Yanatokana na jambo moja. Kazi mbovu huazima sura za gemu, kazi nzuri hukamata kanuni zake. Kila gemu ina upuuzi wake ambao mchezaji kauzoea hata hauoni tena. Link wa The Legend of Zelda huingia nyumba za watu bila hodi, akavunja vyungu vyao mbele ya macho yao na kuokota hela, na wenyewe wakaendelea kuzungumza naye kwa adabu. Mtu akiuweka wazi upuuzi wa namna hiyo, asiyecheza anacheka kwa kuwa jambo lenyewe ni kituko. Mchezaji anacheka kwa aibu kidogo, maana vyungu hivyo kavivunja mwenyewe, tena kwa bidii.

Hakuna waliolifanya hili kwa vifaa haba kuliko vijana wa Austin, Texas, waliojiita Rooster Teeth. Tarehe 1 Aprili 2003 walianza kurusha Red vs. Blue. Hawakuchora hata mstari. Waliwasha Halo, gemu ya Bungie iliyotoka na Xbox mwaka 2001, wakawa wanawaendesha askari wake kama vikaragosi huku mmoja wao akiwa ndiye kamera, kisha wakatia sauti zao. Mahali ni korongo linaloitwa Blood Gulch, lenye kambi nyekundu upande mmoja na kambi ya bluu upande wa pili. Kwenye gemu hakuna anayeuliza kulikoni. Unaingia, unapewa rangi, unapiga risasi.

Sehemu ya kwanza inafunguka kwa wekundu wawili, Simmons na Grif, wamesimama juu ya kambi yao, jua kali, hakuna vita. Simmons anamuuliza mwenzake kama huwa anajiuliza kwa nini tuko hapa. Grif anazama kwenye Mungu, kwenye bahati na sibu ya ulimwengu, kwenye mambo yanayomkosesha usingizi. Kimya. Simmons anashangaa: yeye alikuwa anauliza kuhusu hili korongo. Kisha wanalichambua: sisi tuna kambi hapa kwa kuwa wale wana kambi pale, na wale wana kambi pale kwa kuwa sisi tunayo hapa. Mtazame yule asiyecheza: kacheka pale kwenye Mungu. Aliyekesha akilinda kambi hiyohiyo kacheka baadaye, kwenye hesabu ya kambi mbili, na mara nyingi haishii kwenye kucheka, anaguna. Kaambiwa ukweli kuhusu usiku wake wote ule.

Sehemu ya pili ina mzaha ninaoupenda zaidi, na kwetu sisi una ladha ya ziada. Sarge, kamanda wa wekundu, analeta gari jipya. Ndani ya Halo gari hilo linaitwa Warthog, yaani ngiri, na wachezaji walikwisha kulitaja kwa jina hilo mara elfu bila mmoja wao kuhoji. Grif anahoji. Anasema, mbona linafanana zaidi na puma? Sarge hajapata kumsikia mnyama huyo. Anaona kijana anajitungia wanyama. Anamwonyesha vyuma viwili vya kuvutia gari vilivyo mbele, vimetokeza kama pembe za mdomoni, kisha anamuuliza ni mnyama gani mwenye pembe za namna hiyo. Grif anamtaja walrasi, mnyama wa bahari za barafu. Mabishano hayaishi. Mtu aliyewahi kuwaona ngiri Mikumi wakitimka mikia juu ana haki ya kumuunga mkono Sarge, na ninawajua waliofanya hivyo kwa sauti. Mcheza Halo anacheka kwa kuwa jina alilolizoea limevuliwa nguo mbele yake. Hakuna mlipuko hapo, hakuna mwendo wa kamera, hakuna sura iliyopinda. Ni watu watatu wamesimama kando ya gari.

Na hawangeweza kupinda sura hata wangetaka, kwa sababu askari wa Halo kavaa kofia inayofunika uso mzima. Ili mtazamaji ajue nani anasema, msemaji anatikisa kichwa juu na chini. Bunduki nazo zilikuwa balaa: kwenye gemu ile askari huelekeza mtutu popote anapotazama, kwa hiyo marafiki wawili wakizungumza wanakuwa wamelengana usoni. Wakagundua hitilafu ndogo ya gemu, kwamba aliyeshika bastola akitazama chini huonekana kwa nje anatazama mbele, silaha imeshuka. Wakaitumia hitilafu hiyo kwenye mazungumzo yao. Fundi wa kazi hizi utamjua hapa: je, vikwazo vya gemu anavificha au anavitumia? Watazamaji hawakuvilalamikia vile vichwa vya kutikisika. Waliviiga.

Kuna mtazamaji mwingine ambaye kucheka kwake au kununa kwake kuna uzito, naye ni mwenye gemu. Microsoft, wenye Halo, wangeweza kuwafunga midomo vijana wale. Wakawaachia waendelee bila kuwatoza ada. Halo 2 ilipotoka mwaka 2004, Bungie waliweka amri ya kushusha silaha, na watengenezaji wa video za aina hii wakapumua. Katuni ya televisheni ya South Park nayo, katika sehemu yake ya 2006 kuhusu World of Warcraft, ilisaidiwa na Blizzard wenyewe, na mwaka uliofuata sehemu hiyo ikapata Emmy. Hata hivyo baraka ya mwenye gemu naipokea kwa mkono mmoja. Anayekusaidia kumcheka anaweza pia kukuchagulia pa kucheka.

Jaribu sasa kufumba macho. Red vs. Blue ya misimu ya mwanzo inasikika vizuri hata kama mchezo wa redioni; maneno na vituo vya kimya ndivyo vinavyobeba kazi. Kisha fanya kinyume, zima sauti, uangalie katuni za TerminalMontage, yule aliyemzua Mario wa kukimbiza muda. Hizi zinachorwa kweli, na maneno ndani yake ni machache mno.

Ili uone ustadi wake, ijue ngazi moja. Ndani ya Super Mario 64, gemu ya 1996, kuna ngazi ndefu kuelekea kwenye pambano la mwisho na Bowser, adui wa Mario. Kama hujakusanya nyota 70, unapanda na kupanda na haifiki mwisho. Wanaoshindana kumaliza gemu hii kwa muda mfupi kabisa waligundua kwamba waliotengeneza mwendo wa Mario waliuwekea kikomo akiruka kwenda mbele, lakini akirukaruka kinyumenyume hapana. Basi wanaipa ngazi kisogo, wanabonyeza kitufe haraka haraka, kasi inajilimbikiza hadi Mario anafyatuka na kuipita ngazi isiyo na mwisho kwa matako. Katika katuni, jambo hilo linachorwa lilivyo: bwana mfupi mwenye masharubu, macho yameganda, sauti fupi ileile inarudiwa na kurudiwa, anaichana kasri kwa nyuma huku kila aliyemo ndani akipigwa na bumbuwazi. Asiyecheza anadhani mchoraji ana wazimu mzuri. Anayejua anacheka mpaka anajishika mbavu, kwa sababu mchoraji hakubuni. Hiyo ni taarifa ya habari.

Vicheko vingine havina sauti kabisa. Ross Scott, katika Freeman's Mind aliyoifanya kati ya 2007 na 2014, alichukua Half-Life ya 1998, ambayo shujaa wake Gordon Freeman hatamki neno lolote tangu mwanzo hadi mwisho, akampa mawazo. Tunapita naye ndani ya maabara zilizoharibika, tunaona kwa macho yake, tunamsikia akinung'unika, akijisifu, akiwalaumu waliochora jengo kwa kuweka milango kijinga. Daktari wa fizikia, tena mbinafsi wa kutupwa. Ukiwaonyesha watu dakika mbili watakutazama tu. Waache nusu saa, utaona tabasamu haliondoki, na wiki ijayo mmoja wao atakwambia hawezi tena kucheza gemu yoyote yenye shujaa bubu bila kumtilia maneno kichwani. Katuni iliyombadilisha mtu namna anavyocheza imefanya kazi kubwa kuliko ile iliyomwangusha kwenye kiti.

Kuhusu kelele nitasema kwa ufupi. Arin Hanson, aliyejulikana kwa jina la Egoraptor, aliweka Metal Gear Awesome kwenye tovuti ya Newgrounds mwaka 2006, akiidhihaki gemu ya Metal Gear Solid. Newgrounds ya Tom Fulp ilikuwa na utaratibu mkali: watazamaji walipiga kura kuanzia 0 hadi 5, na kazi iliyoshindwa kupata alama za kutosha ilifutwa. Hukumu ya namna hiyo inazaa kazi za kasi, matusi na macho ya kutoka, kwa kuwa hakuna anayetaka kumchosha mpiga kura. Sehemu ya matusi ile imechacha. Kilichobaki kizima ni kupinda kwa sura na jinsi mhusika mzito, wa hotuba ndefu na moshi wa sigara, anavyogeuzwa mtu mwenye papara asiye na hata dakika ya kusikiliza hotuba yoyote.

Ugumu halisi unakuja mfululizo ukizeeka. Mwaka 2010, katika msimu wa nane wa Red vs. Blue, aliingia mhuishaji Monty Oum, na askari waliokuwa wakisimama na kubishana wakaanza kuruka, kupigana na kuzunguka hewani kwa uchoraji wa kompyuta uliowaacha watu midomo wazi. Mashabiki wakagawanyika hapo, na hadi mfululizo ulipohitimishwa na Restoration mwaka 2024 hawakupatana. Nawaelewa wanaozipenda zile ngumi. Ni kazi ya mtu mwenye kipaji adimu. Lakini ukiwatazama watazamaji, utaona wamebadilika: wanaegemea mbele, wanashika pumzi, wanasema "aisee". Hawacheki. Dhihaka iligeuka hadithi ya vita inayojichukulia kwa uzito uleule iliyokuwa ikiucheka, na kwa kipimo cha mwongozo huu imeshuka hata kama imependeza.

Huku kwetu vibanda vya gemu vililelewa na PlayStation na mpira, si Xbox na Halo, na ninasubiri fundi atakayeichukua mechi ya kibandani pamoja na kanuni zake zote: mlinda lango anayeduwaa dakika ya 90, mtangazaji anayerudia sifa ileile, na mgeni anayepewa pedi yenye kitufe kilichokwama kisha anaambiwa ashukuru.

Anayetaka kuanza leo aanze na sehemu mbili za kwanza za Red vs. Blue, ambazo ni fupi na zinaeleweka na kila mtu anayefuata Kiingereza cha kawaida. TerminalMontage haihitaji lugha, kwa hiyo ndiyo ya kumwonyesha shangazi aliyekuja kukutembelea. Metal Gear Awesome isubiri watoto walale. Freeman's Mind iache kwa siku ambayo umeme upo na hakuna anayekuharakisha, na usikubali mwenzako airuke sehemu ya kwanza eti ni ya treni tu, kwa sababu mle ndani ya treni, mtu kakaa hana la kufanya wala la kupiga, ndimo Freeman anamoanza kulalamika.