Shimo Moja

Saa nane usiku Ngerengere inatulia hadi unasikia pumzi yako mwenyewe. Fundi ninayemfuata hana haraka. Amebeba nondo inayokaribia kimo chake, ncha moja imechongwa ikawa nyembamba, ncha ya pili imevikwa kibao cha mti kilichokombwa mfano wa kikombe. Anafunua mfuniko wa chemba, anapiga magoti, anaisimamisha ncha nyembamba juu ya koki, anaegesha sikio kwenye kibao, anafumba macho. Anakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotazamia, kama mtu anayepewa habari za nyumbani na hataki kumkatiza msimuliaji.

"Njoo usikie, mwanangu."

Nikasikia. Mlio mwembamba, mkavu, usiokatika, kama mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni kabla kitunguu hakijatiwa. Maji yanayotembea bombani kwa amani hayalii hivyo. Huo ni mlio wa maji yaliyobanwa, yanayopenya tundu dogo kwa nguvu. Na usiku ndio wakati wake, wala si kwa sababu ya ukimya peke yake. Watu wakilala, koki za majumbani zinafungwa, presha ndani ya bomba inapanda, na tundu lililokuwa likinong'ona mchana linaanza kupiga mluzi.

Mzee hakuridhika na mluzi. Akaenda chemba ya pili, kisha ya tatu, akarudi ya pili. Baina ya ya pili na ya tatu akaacha chemba kabisa, akawa anatembea juu ya mstari wa bomba, anachoma nondo ardhini, anainama, anasikiliza, anasogea hatua mbili, anachoma tena. Mara moja alirudi nyuma hatua tatu, akatikisa kichwa, akasogea mbele moja. Mwisho akachomeka kijiti.

"Hapa."

Hakusema "karibu na hapa". Alisema hapa, na neno hilo ndilo lililonifanya nimfuate usiku ule, kwa maana siku nyingi nimekuwa nikisoma habari za roboti ndogo zinazotengenezwa ili zitambae zenyewe ndani ya mabomba ya ardhini, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba wanaozitengeneza wanalitafuta neno lile lile. Kujua kuwa bomba linavuja si kazi kubwa. Dira inaonyesha, tenki halijai, bili na maji yaliyosukumwa havilingani. Kazi ni kujua linavujia wapi. Shimo linalochimbwa mahali pasipo na kitu linakula nusu siku ya vibarua, linakata barabara, na linamfanya mwenye shamba akukunjie uso ukirudi kesho na sururu.

Hasara yenyewe si ndogo. Katika mamlaka zetu za maji, zaidi ya asilimia 30 ya maji yanayozalishwa hupotea kabla hayajalipiwa, na sehemu kubwa ya hayo huishia ardhini kimya kimya. Hapa hilo linauma kwa namna yake. Mto Ngerengere unateremka kutoka Uluguru, unajaza bwawa la Mindu lililojengwa miaka ya 1980 kwa ajili ya mji wa Morogoro, unauzunguka mji, unapita hapa kwetu, kisha unaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Maji yaliyoanza safari kwenye ukungu wa milimani, yakachujwa, yakatiwa dawa, yakasukumwa kwa umeme, yanamwagika chini ya mihogo ya mtu bila hata ya kuinawirisha sana.

Sasa hesabu. Ufundi wa nondo una mjukuu wake wa kielektroniki: vihisi viwili, kimoja huku na kimoja kule, vinasikiliza mlio ule ule kwa pamoja na kupima ni kipi kilichousikia kwanza. Chukua koki mbili zilizoachana mita 100. Mlio unafika kwenye koki ya kwanza, na baada ya sehemu 32 za elfu moja za sekunde unafika kwenye ya pili. Ikiwa bomba ni la chuma, sauti inakimbia humo kama mita 1,250 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti ya njia ni mita 40. Toa kwenye 100, gawa kwa mbili, tundu liko mita 30 kutoka koki ya kwanza. Hesabu safi. Lakini ikiwa bomba ni la plastiki, ambayo huichelewesha sauti hadi mita 400 hivi kwa sekunde, tofauti ya njia ni mita 12.8 tu, na tundu liko mita 43.6. Kifaa ni kile kile, mlio ule ule, na umechimba mita 13 na zaidi mbali na tundu kwa sababu hukujua bomba limetengenezwa kwa kitu gani.

Mzee aliniambia yaliwahi kumtokea, kwenye mradi mmoja ambao hakuutaja. Ramani ilisema chuma. Shimo la kwanza likatoka kavu. Wenzake wakalaumu kifaa. Yeye akaenda kuketi na bibi aliyekuwa akipalilia jirani na mtaro, akamuuliza kama anakumbuka bomba lilivyolazwa. Bibi akasema anakumbuka sana: walileta limezungushwa kama kamba, jeusi, watoto wakalichezea. Chuma hakizungushwi kama kamba. Akarudi, akabadilisha namba moja kwenye kifaa, shimo la pili likatoa maji.

Mtu akiniuliza kwa nini basi tuhangaike na roboti, ilhali tuna wazee kama huyu, jibu ni hiyo hiyo plastiki. Chuma hupeleka sauti mbali, plastiki huimeza. Nondo iliyosikia tundu kutoka mita mia kwenye bomba la chuma inaweza isisikie chochote kutoka mita thelathini kwenye bomba jeusi, na mabomba tunayolaza siku hizi mengi ni hayo. Sikio inabidi lisogezwe karibu na tundu, na karibu kuliko kote ni ndani ya bomba.

Kwenye mabomba makubwa ya mafuta na gesi, kuingia ndani si jambo geni. Tanzania na Zambia zina bomba la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968 baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao na njia ya mafuta ya Zambia kuingia matatani. Linatoka Dar es Salaam hadi Ndola, kilomita 1,710, na linapita katika mkoa huu wa Morogoro. Tangu 2023 linapeleka dizeli badala ya mafuta ghafi. Mabomba ya namna hiyo hukaguliwa kwa chombo ambacho mafundi duniani kote wanakiita nguruwe. Kinaingizwa upande mmoja, mafuta yenyewe yanakisukuma, kinatolewa upande wa pili siku kadhaa baadaye kimechafuka kweli kweli. Nguruwe wa kawaida anasugua uchafu tu. Mwenye akili amebeba sumaku kali zinazoujaza ukuta wa chuma hadi usiweze kubeba zaidi. Pale ambapo kutu imeula ukuta, nguvu ya sumaku inafurika nje, na vihisi vinaandika.

Ninachokipenda zaidi kwa nguruwe huyu ni magurudumu yake. Ana magurudumu madogo yanayobana ukuta na kuhesabu umbali, na kila fundi anajua kwamba yanadanganya, kwa sababu yanateleza. Kosa dogo la kila kilomita likijikusanya kwa kilomita mia, shimo lako litachimbwa kijiji kingine. Kwa hiyo watu wanatangulia juu ya ardhi na kuweka vifaa vinavyomsikia akipita chini na kuandika saa kamili. Na juu ya hilo, zile sumaku zinaona kila mahali ambapo vipande viwili vya bomba vimechomelewa. Ripoti nzuri haisemi tu kutu iko kilomita fulani. Inasema: tafuta kiungo namba fulani, pima kutoka hapo mita nne na robo kuelekea mbele, tazama upande wa saa tano wa duara. Ukichukulia vipande vya mita 12, bomba refu kama TAZAMA lina viungo zaidi ya laki moja na elfu arobaini, na hesabu ya mkaguzi haitakiwi kuruka hata kimoja.

Bomba la maji la mtaani halimpokei nguruwe. Halina mlango wa kumwingizia, lina matawi, kona kali, koki zilizoganda nusu, vinundu vya kutu, na watu wanaoyasubiri maji hayo asubuhi wachemshie chai. Hapo ndipo roboti ndogo zinapohitajika. Kule Marekani, watafiti wa chuo cha MIT walitengeneza moja laini, ya mpira, iliyovaa kitu kama sketi. Inakwenda na maji, na inapopita penye tundu sketi inavutwa kidogo kuelekea ukutani, mvuto huo ndio unaopimwa. Haina haja ya kusikia wala kuona, inapapasa. Uingereza, vyuo vikuu vya Sheffield, Leeds, Birmingham na Bristol viliungana mwaka 2019 katika utafiti wa roboti ndogo ambazo zingeishi humo humo bombani, nyingi kwa pamoja, zikizunguka na kupeana taarifa bila mtu kuzishika mkono.

Ugumu wao nimeusoma kwa heshima. Satelaiti haionekani chini ya udongo. Mawimbi ya redio yanakufa ardhini. Gurudumu linateleza kwenye utelezi wa bomba kama lilivyoteleza la nguruwe. Kila mita ya bomba inafanana na iliyotangulia, giza lile lile, duara lile lile. Roboti inaweza kupiga picha nzuri ya ufa na isijue imeipigia wapi. Moja ya njia walizojaribu ndiyo iliyonifanya nimkumbuke mzee: roboti inatoa sauti, inautikisa ukuta wa bomba na kusikiliza unavyojibu. Mahali udongo umeshindiliwa, ukuta unajibu kwa namna moja. Mahali pana uwazi nje, au kiungo, au jiwe, unajibu kwa namna nyingine. Majibu hayo yakipangwa kwa mfuatano yanakuwa ramani. Roboti ikirudi mara ya pili inalinganisha inachokisikia sasa na ilichokisikia jana, na kwa kulinganisha inajua ilipo. Mzee naye alirudi chemba ya pili kwa sababu hiyo hiyo.

Na watu wa Morogoro, katika kutuma kiumbe kidogo mahali mtu asipofika, si wanafunzi. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Wengi husimulia pua ya panya. Mimi hutazama kamba. Panya anavishwa mkanda, mkanda unapita kwenye kamba iliyotandazwa baina ya wafunzaji wawili, mmoja kila upande wa eneo lililopimwa. Anatembea kufuata kamba hadi mwisho, wanasogea kipimo kimoja, anarudi. Akikwangua ardhi, wafunzaji hawahitaji kubahatisha: mstari unajulikana, umbali unajulikana, nukta inaandikwa. Pua bila kamba ingesema tu kwamba shambani humu kuna bomu. Panya wengine wanafundishwa kuingia kwenye vifusi wakiwa wamevaa kizibao chenye kamera, na shingoni kuna kitufe wanachokivuta wakimkuta mtu. Kamba haiwezekani kifusini, na hapo wafunzaji wa panya wanakutana na wahandisi wa bomba kwenye swali moja.

Nilimweleza mzee haya yote tukiwa tumekaa kwenye ukingo wa chemba tukisubiri kupambazuke. Hakudharau. Aliuliza maswali mawili tu. La kwanza, roboti ikikwama kwenye koki iliyofungwa nusu, nani anaitoa? Swali hilo wahandisi nao hawajalimaliza. Ndiyo sababu mojawapo ya kuzifanya laini, ziweze kujikunja. La pili, likanishinda kwa muda: "Inajuaje kwamba imesikia vibaya?" Akaeleza kwamba yeye akisikia mluzi mahali, humtuma kijana akafunge koki ya juu yake kidogo. Mluzi ukififia, ni bomba. Usipofifia, ni kitu kingine, pengine mashine ya mtu, pengine maji ya mtaro. Alishawahi kusikiliza friji ya duka robo saa nzima.

Saa kumi na mbili vibarua wawili walifika na sururu na sepetu. Mzee aliwaonyesha kijiti, akawakataza kukitoa mpaka shimo liwe la magoti. Udongo wa juu ulikuwa mkavu, mwekundu, na kijana mmoja alinitazama kwa jicho la mashaka. Mzee hakusimama karibu. Alikuwa amekaa pembeni anaifuta nondo yake kwa kitambaa, taratibu, kuanzia kwenye kibao kwenda kwenye ncha.

Kwenye kina cha goti udongo ulibadilika rangi. Sepetu mbili zaidi, ukashikamana na bapa la sepetu ukakataa kudondoka. Kijana akaacha sururu, akaingia kwa mikono, akachimbua kama anayetafuta kiazi asitake kukikata, mpaka bomba likaonekana, jeusi, na juu yake maji yakichomoka kwa uzi mwembamba kama wa cherehani. Kutoka kwenye kijiti hadi kwenye uzi ule palikuwa na shibiri moja. Mzee alisimama, akaja, akatazama, akapima ile shibiri kwa kiganja chake mwenyewe.

"Nilikosea," akasema, akatoa daftari dogo mfukoni akaiandika.