Baba Yetu Uwanjani Wembley

Shangazi aliingia sebuleni wakati David Bowie amepiga goti jukwaani. Mkononi alikuwa na ungo wa maharage ya kuchambua.

"Huyo mzungu anasali?"

"Ndiyo, shangazi. Anasali Baba Yetu."

Akaweka ungo chini. Hapa Mbozi Mission, Wamoraviani wameifundisha sala hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja, na shangazi hangoji kuongozwa. Aliisali kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, akafika Amina kabla ya Bowie. Kisha akauliza msiba ule ulikuwa wa nani.

Ulikuwa wa Freddie Mercury. Tamasha la kumkumbuka lilifanyika Wembley, London, tarehe 20 Aprili 1992, Jumatatu ya Pasaka, mbele ya watu wapatao 72,000, na lilirushwa kwenye runinga za nchi nyingi. Siku hiyo Tanzania Bara hatukuwa hata na kituo kimoja cha runinga. Tulisubiri hadi 1994. Kwa hiyo mimi nimelitazama zaidi ya miaka thelathini baadaye, kutoka kwenye flashi ya binamu yangu, umeme ukikatika mara mbili.

Kila akitajwa Freddie, Watanzania tunaanza ubishi kama ni wetu au si wetu. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Kiparsi, na familia ikahamia Uingereza mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi. Mwaka 2006 wapo waliotaka kumfanyia sherehe ya kuzaliwa huko Unguja, wengine wakapinga kwa hoja za dini, ikafutwa. Ubishi huo unanichosha. Mimi kilichomleta Freddie hadi kwenye sebule hii si cheti cha kuzaliwa. Ni namna alivyokufa.

Alikufa kwa UKIMWI tarehe 24 Novemba 1991, na alikuwa ameutangazia ulimwengu ugonjwa wake siku moja tu kabla. Alificha mpaka mlangoni. Miezi mitano baadaye, wenzake wa Queen wakasimama uwanjani na kufanya kile ambacho marehemu mwenyewe alikiahirisha: kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Elizabeth Taylor, aliyekuja kuzungumza tu, aliwaambia vijana watumie kondomu. Baadhi ya watu wakapiga kelele, wakitaka muziki. Hakuondoka mpaka amalize.

Niseme ukweli, kama muziki mtupu, tamasha hili lina mabonde mengi. Nusu ya kwanza, bendi moja inapanda na nyingine inashuka, unaweza kuiruka ukapike chai. Nusu ya pili, Queen wanapiga na waimbaji wageni wanapokezana, na hapo ndipo unaona Freddie alikuwa na koo la namna gani. Robert Plant si mtoto mdogo katika roki, lakini alihangaika na "Innuendo" kiasi kwamba baadaye aliomba wimbo huo uondolewe kwenye rekodi zilizouzwa. Wengi walijaribu kuwa Freddie, wakapwaya ndani ya nguo zake kama mtoto aliyevaa koti la baba. Waliofaulu ni wale walioimba kwa sauti zao wenyewe. Annie Lennox, kwa mfano, mbele ya Bowie, uso amejipaka weusi machoni, hakuigiza mtu.

Mick Ronson naye alikuwepo na gitaa lake. Saratani ilikuwa imeshamshika. Mwaka uliofuata alikufa.

Shangazi alikuwa muuguzi. Kazi yake yote ameifanya katika wilaya hii, karibu na barabara kuu inayopeleka malori Tunduma na Zambia, katika miaka ambayo ugonjwa ule ulipita hapa kama moto wa kiangazi. Sijawahi kumsikia akiutaja nyumbani. Baba mdogo alipofariki, nikiwa bado mtoto, tuliambiwa ni kifua. Kwenye wasifu uliosomwa kaburini walisema "aliugua kwa muda mrefu", na sisi watoto tulijua kwamba maneno hayo yana mlango nyuma yake, na kwamba haufunguliwi. Ukoo mzima uliukaza mlango huo. Sisemi walikuwa waongo. Mjane alikuwa na shamba la kahawa la kulinda na watoto wa kuoza.

Basi akapanda George Michael kuimba "Somebody to Love", nyuma yake kwaya. Wapenzi wa Queen wengi husema hapo ndipo tamasha lilipofika kileleni, nami sina la kubisha. Anaimba amefumba macho, anaomba, anabishana na Mungu, halafu anawafungulia watu wote waimbe. Shangazi hajui Kiingereza cha kutosha kufuata maneno. Alichambua maharage mpaka katikati ya wimbo, mkono ukasimama.

"Huyu ana mgonjwa nyumbani," akasema.

Nikasimamisha picha. Shangazi hakuwa na njia ya kujua. Siku ile hata uwanja haukujua. Mpenzi wa George Michael, Mbrazili aitwaye Anselmo Feleppa, alikuwa na virusi, na George alipanda jukwaani akilijua hilo bila kuweza kumwambia mtu. Feleppa alikufa mwaka 1993, na habari yenyewe mwimbaji aliieleza miaka mingi baadaye. Katika tamasha lililoitishwa ili ugonjwa utajwe waziwazi, sauti iliyopenya kuliko zote ilikuwa ya mtu aliyeshindwa kuutaja. Hotuba zilisema kilichopaswa kusemwa, na nazishukuru. Lakini nikizitazama tena naziona zimechakaa kidogo, kama mabango ya kampeni. Wimbo ule haujachakaa.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Nimekaa na watu wa namna hiyo miaka mingi. Wanaimba hivyohivyo kanisani." Akachagua jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Baba yako mdogo naye aliimba hivyo, mke wake alipotangulia kuugua."

Hatukuwahi kuambiwa kwamba mke wake aliugua.

Nilitaka kuuliza zaidi, lakini akanyoosha kidole kwenye runinga. Sikumwonyesha Elton John na Axl Rose waliofuata, wala Liza Minnelli aliyefunga.

"Mrudishe huyo mwenye ndevu," akasema. "Toka mwanzo."