Nyumba Isiyo na Jina: Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili kwa Kuzingatia Hekalu la Kihindu la Kampala

Ikisiri

Kiswahili kimepokea kutoka lugha za Bara Hindi msamiati mwingi wa biashara na chakula, ilhali msamiati wa ibada ya Kihindu umebaki nje ya mlango. Makala haya yanahakiki pengo hilo kwa kuzingatia hekalu la Shree Sanatan Dharma Mandal jijini Kampala. Yanadai kwamba pengo hilo huathiri namna jamii ya Wahindu inavyotambuliwa katika sera za urithi na uraia za Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Katika eneo la biashara la Kampala kuna njia iitwayo Snay Bin Amir. Jina hilo ni la mfanyabiashara wa misafara aliyefika Buganda mwaka 1852, na ambaye mwaka 1857 aliwakaribisha Burton na Speke huko Kazeh, Tabora ya leo. Katika njia hiyo lipo hekalu la Shree Sanatan Dharma Mandal, lililojengwa miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, kabla ya uhuru wa 1962. Jina la njia linakumbusha misafara iliyokisambaza Kiswahili bara. Hata hivyo, Mswahili akiulizwa jengo hilo ni nini, atajibu kwa kifupi: hekalu la Wahindi. Jibu hilo ndilo linalohakikiwa hapa, kwa kuwa "hekalu" na "Wahindi", kila moja kwa namna yake, yanaficha jambo.

2.0 Hekalu, mandiri na maana ya nyumba

Neno "hekalu" lilitufikia kupitia Kiarabu, na asili yake ya mbali ni maneno ya Kisumeri yenye maana ya nyumba kubwa. Kwa wasomaji wengi wa Kiswahili linajulikana kupitia Biblia, na taswira inayowajia ni ya Yerusalemu. Wahindu wenyewe husema *mandir*, neno la Kisanskriti lenye maana ya makao. Tofauti hapa ni ya msingi. Msikiti, kwa mzizi wake, ni mahali pa kusujudia. Kanisa ni kusanyiko la waumini. Mandiri ni makao, na mwenyeji wake yumo ndani.

Kiini cha jengo ni chumba kidogo ambacho Kisanskriti hukiita nyumba ya tumbo la uzazi. Humo hukaa *murti*. Kabla ya kuwekwa wakfu, murti ni kazi ya mchongaji tu. Baada ya ibada ya kutiwa pumzi, huhudumiwa kama mkaazi: huamshwa asubuhi, huvishwa, huandaliwa chakula, hupumzishwa usiku. Anayekuja hutafuta *darshan*, yaani kuona na kuonwa. Mtu anaweza kuvua viatu, kuingia peke yake, kukaa dakika kumi na kutoka akiwa ametimiza ibada yake. Istilahi "nyumba ya sala" haiyagusi haya. Nayo tafsiri ya kawaida ya murti, yaani "sanamu", ni mbaya zaidi, kwa sababu katika lugha yetu ya dini neno hilo limebeba karipio. Mtafsiri anayeliandika amekwisha kutoa hukumu kabla ya kutoa maelezo.

3.0 Mhindi, Mhindu, Baniani

"Mhindi" humtaja mwenye asili ya Bara Hindi, awe Ismailia, Mkristo wa Goa au mfuasi wa Uhindu. "Mhindu" hutaja dini. Irabu moja inayoyatenganisha maneno haya hupotea mara kwa mara katika magazeti, na hata katika maandishi ya kitaaluma.

Jina la zamani zaidi la Mhindu katika mwambao, "Baniani", linatokana na neno la Kigujarati lenye maana ya mfanyabiashara. Maana yake ni kwamba muumini alipewa jina kwa kazi yake sokoni. Methali nayo inakamilisha picha: *Baniani mbaya, kiatu chake dawa.* Mtu hukataliwa, kitu chake hupokelewa. Msamiati wetu umeifuata methali hiyo kwa uaminifu wa kushangaza: tuna *hundi*, *bima*, *laki*, *gari*, *chapati* na *bajia*. Nasi watafiti tumezoea kuorodhesha maneno hayo kama ushahidi wa ukarimu wa Kiswahili, bila kuuliza kwa nini orodha inaishia dukani na jikoni.

4.0 Pengo hili lina uzito gani?

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia na baadaye akawapa siku 90. Shutuma kuu dhidi yao zilikuwa za kiuchumi. Takribani watu 27,000 walipokelewa Uingereza. Wengine walitawanyika kwingineko. Lugha haikumfukuza yeyote, na makala haya hayadai hivyo. Yanachodai ni kwamba jamii iliyozoeleka kwa jina la biashara yake ni rahisi kuhesabiwa kwa biashara hiyo pekee, hata wakati wa kutendewa haki. Sheria ya Uganda ya mwaka 1982 iliyofungua njia ya kurejeshewa ilihusu mali, kwa hiyo lugha yake ni ya umiliki na fidia. Ilikuwa hatua ya lazima. Lakini katika mafundisho mengi ya Kihindu, huduma ya murti ikikatika kwa muda mrefu, mahali hapo hutakiwa kutakaswa upya. Hasara ya namna hiyo haina safu katika daftari la fidia.

Huenda ikapingwa kwamba Wahindu huabudu kwa Kisanskriti, Kigujarati na Kihindi, na hawakuwahi kuhitaji istilahi za Kiswahili. Ni kweli, na tena hawakuja kutafuta waongofu, njia iliyoingiza maneno mengi ya Kiislamu na ya Kikristo. Hata hivyo, Kiswahili kina neno "sinagogi" bila kudai Uyahudi. Lugha ya umma hutaja pia yale isiyoyaabudu.

5.0 Hitimisho na mapendekezo

Wajibu huo umeongezeka. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafuata mwaka 2021. Nyaraka za sensa, urithi na usajili wa mashirika ya dini zitazidi kuandikwa kwa lugha hii.

Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, nyaraka rasmi zitofautishe Mhindi na Mhindu. Pili, kamusi zipokee *mandiri*, *murti* na *darshani*, baada ya kushauriana na Wahindu wazungumzaji wa Kiswahili, na kwa tahadhari kwamba *mandiri* lisichanganywe na *mandari*, matembezi ya kujifurahisha. Tatu, orodha za urithi zieleze majengo haya kwa kazi yake ya ibada pamoja na usanifu wake.

Rwanda ina nafasi ya pekee hapa. Istilahi zake rasmi za Kiswahili bado ni changa, na Kigali nayo ina jamii ya Wahindu. Ni nafuu kuanza na jina sahihi kuliko kulisahihisha baada ya kuchapwa katika sheria.