Kiapo, Mshahara na Utii katika “Julius Caezar”

Katikati ya mji wa Dar es Salaam, wilayani Ilala, imesimama Sanamu ya Askari tangu mwaka 1927, ncha ya singe yake ikielekea bandarini. Si mbali kutoka hapo ni Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Apitaye baina ya mahali hapa pawili hana budi kujiuliza: askari humtii nani, na kwa sababu gani? Kwa swali hilo nimeusoma tena mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutia katika Kiswahili mwaka 1963.

Kitabu kilikuwa bado kipya mikononi mwa wasomaji askari wa kambi ya Colito walipoasi, tarehe 20 Januari 1964. Walidai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Maofisa hao walikamatwa wakapelekwa nje ya nchi. Rais akawa mafichoni kwa muda. Oscar Kambona akaenda kuzungumza na waasi. Mjini maduka ya Wahindi na Waarabu yaliporwa, na roho za watu zikapotea.

Sifa ya lugha ya tafsiri hii imekwisha kusemwa na wengi, nami siipunguzi. Nataka kupima hoja ya mchezo wenyewe. Brutus awakataza wenzake kula kiapo, kwa kuwa mtu mwaminifu, adhani, hahitaji kufungwa kwa maneno. Colito yaonyesha upande wa pili wa hoja hiyo: walioapa waliasi. Jeshi lao lilitoka katika King's African Rifles. Uhuru wa 1961 ulilibadili jina, lakini wakubwa wake wengi walibaki walewale. Kiapo kilihamishwa; moyo haukuhamishwa.

Baadaye Brutus amlaumu Cassius kwa kumnyima dhahabu ya kuwalipa askari. Wakubwa wawili wagombana hemani juu ya mshahara, na wenye mshahara wako nje, hawaulizwi neno. Hapa ndipo mchezo ulipo na ukweli mkubwa kuliko wahakiki wengi walivyotambua. Na baada ya ghasia kuanza, anayeuawa ni Cinna mshairi, asiye na hatia ila jina. Msomaji wa Dar es Salaam akumbukaye maduka yaliyovunjwa haoni ugeni katika habari hiyo.

Mfano wa utii twaupata kwa Lucilius, ajitiaye kuwa Brutus vitani ili kumwokoa mkubwa wake, hata adui amstahi. Lakini Lucilius amtii mtu, si serikali. Basi tutazame baharini. Tanganyika haikuwa na jeshi lake la maji. Tarehe 25 Januari, kwa ombi la serikali yetu, askari wa Kiingereza walitoka katika manowari Centaur, wakawanyang'anya waasi silaha. Afisa wa manowari ile alitii amri ya serikali yake, na kwa utii huo serikali yetu ikapona. Ulikuwa utii mwema, lakini wa kuazima. Na Mwalimu mwenyewe hakuificha fedheha ya kuuazima.

Jeshi la zamani lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi. Mwaka 1969 tafsiri ilitoka tena, imesahihishwa, kwa jina la “Juliasi Kaizari”. Sidai kuwa maasi yaliongoza kalamu ya mfasiri. Nadai kwamba mwalimu afundishaye kitabu hiki asiishie kwa hotuba nzuri za msibani. Awapeleke wanafunzi wake katika hema ya Brutus, awaulize: waliosimama nje walikuwa na nini cha kulinda? Serikali isiyoweza kujibu swali hilo yaweza kuapisha jeshi zima, na siku ya shida ikabaki kutazama bahari.