Jeni iliyosingiziwa kosa la jirani

Mwaka 2008 jeni iitwayo MYH9 ilitiwa hatiani. Vikundi viwili vya watafiti wa Marekani, katika makala mbili zilizotoka pamoja kwenye jarida la Nature Genetics, vilieleza kuwa kipande cha kromosomu ya 22 ndicho kinachowaponza Wamarekani wengi Weusi wanaougua figo, na kwamba ndani ya kipande hicho mshukiwa mkuu ni MYH9. Takwimu zilikuwa nzito, zisizo na utani. Miaka miwili baadaye ikabainika kwamba mkosaji alikuwa akikaa nyumba ya pili.

Kosa lile na jinsi lilivyorekebishwa na daktari wa figo Martin Pollak na wenzake wa Boston ni somo kwa yeyote anayetaka kujua utafiti wa jeni unavyofanyika. Hoja yangu ni moja: hesabu za 2008 hazikuwa mbovu. Daftari la jenomu ndilo lililokuwa na mapengo. Asiyekuwepo na lake halipo.

Mkeka wa rangi mbili

Tuanze na kilichowasumbua madaktari. Weusi ni kama asilimia 13 ya watu wa Marekani, lakini ni karibu theluthi moja ya wanaoishi kwa mashine za kusafisha damu. Umaskini, ubaguzi na kukosa bima vinaeleza sehemu ya pengo hilo, si lote. Kwenye mafaili mengi kiliandikwa chanzo kimoja: figo zimeharibiwa na presha. Ajabu ni kwamba hata mgonjwa aliyemeza dawa vizuri na presha ikashuka, mara nyingi figo ziliendelea kufa taratibu.

Watafiti wakatumia mbinu ya kufuata asili. Wamarekani Weusi wengi wana mababu wa Afrika Magharibi na pia wa Ulaya, kwa hiyo kila kromosomu yao ni kama mkeka uliosukwa kwa ukili wa rangi mbili. Kusanya mikeka ya wagonjwa wengi, kisha uliza: ni sehemu gani ambapo rangi ya Afrika imejitokeza kupita kiasi kinachotarajiwa? Jibu lilikuwa kwenye kromosomu ya 22.

Udhaifu wa mbinu hii ni kwamba hukuonyesha mtaa, haikutajii nyumba. Ukili mmoja hubeba jeni nyingi. Katika mtaa ule MYH9 ilikuwa na rekodi mbaya: ilishajulikana kuwa hitilafu zake nyingine huleta ugonjwa adimu wa kurithi unaogusa figo, na hufanya kazi ndani ya seli za vichujio vya figo. Ikawa kama mtaani unapotokea wizi, anayekamatwa kwanza ni yule aliyewahi kufungwa. Lakini kila walipoisoma MYH9 herufi kwa herufi hawakukuta badiliko la protini linaloweza kuubeba mzigo ule wote. Alama za hatari zilikuwepo. Kosa lenyewe halikuonekana.

Kubisha hodi nyumba ya pili

Orodha za jeni zilizotumika wakati ule zilipima alama zilizochaguliwa tu, hazikusoma kila herufi. Kisha ukaja Mradi wa Jenomu 1000, uliosoma jenomu za watu wa mataifa mbalimbali kwa ukamilifu zaidi, wakiwemo Wayoruba wa Ibadan, Nigeria. Pollak, pamoja na Giulio Genovese na David Friedman, walizichukua takwimu hizo zikiwa bado mbichi, wakavuka ukuta wa MYH9 na kutafuta kwa majirani. Walichotafuta ni mabadiliko yaliyo mengi kwa Wayoruba na yasiyoonekana kwa Wazungu. Huko Haifa, Israeli, kundi la Karl Skorecki lilishika njia hiyohiyo mwaka huohuo wa 2010.

Wote wakafika kwenye mlango wa APOL1. Humo mlikuwa na maumbo mawili. La kwanza, G1, limebadilisha asidi amino mbili katika protini, ya 342 na ya 384. La pili, G2, limepoteza herufi sita za DNA, hivyo asidi amino ya 388 na ya 389 hazipo kabisa.

Kilichofuata ndicho ninachokiona kuwa kiini cha kazi yote. Walilinganisha watu 205 wenye FSGS, ugonjwa wa makovu kwenye vichujio vya figo, na watu 180 wasio nao. G1 ikatokeza kwa nguvu. Wakaiweka pembeni kihesabu, yaani wakauliza: tukilinganisha watu ambao G1 yao ni sawasawa, kuna kitu kinabaki? Kikabaki: G2. Wakaziweka pembeni zote mbili na kuuliza tena. Safari hii MYH9 haikuwa na la kusema. Ushahidi wote dhidi yake ulikuwa wa kuazima.

Kwa nini basi ilionekana na hatia? Vipande vya DNA vilivyo karibu hurithiwa pamoja kama chanda na pete. Isitoshe, G1 ilikuwa imeenea upesi kwa sababu iliwafaa waliokuwa nayo, na jeni inayoenea upesi hukokota kipande kirefu cha kromosomu kabla vizazi havijakikatakata. Alama za MYH9 zilikuwa abiria tu.

Kundi lile likarudia kipimo kwa wagonjwa 1,030 ambao figo zao zilishindwa na faili likataja presha, dhidi ya watu 1,025 wazima. Mwenye nakala mbili za hatari, moja ya baba na moja ya mama, alikuwa na uwezekano wa kuwa mgonjwa kama mara saba ya wengine. Kwa FSGS ilikuwa kama mara kumi. Wamarekani Weusi wapatao asilimia 13 wanabeba nakala mbili. Lile neno “presha” kwenye faili lilikuwa limefunika ugonjwa wa kurithi.

Mbung'o anaingiaje hapa

Jeni inayoua figo ilienea vipi hivyo? Hapa hadithi inarudi kwetu. Mfugaji na ng'ombe wake wakiumwa na mbung'o yuleyule, ng'ombe anaweza kufa kwa nagana na mfugaji asiugue. Mwaka 2003 maabara ya Etienne Pays huko Brussels ilionyesha kinachomwokoa: APOL1. Protini hii husafiri kwenye damu pamoja na chembe za mafuta. Kimelea cha nagana huzimeza chembe hizo kama chakula, na APOL1 ikishaingia hutoboa utando wake. Kimelea huvimba, hupasuka.

Ndugu yake mmoja, Trypanosoma brucei rhodesiense, anayeleta malale Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia, alipata ujanja. Hutengeneza protini iitwayo SRA, inayoikamata APOL1 mkiani na kuinyima kazi. Na asidi amino mbili zilizopotea kwenye G2 zipo mkiani, palepale SRA inapokamata. Timu ya Boston ikashirikiana na Pays: wakaweka vimelea vya rhodesiense kwenye plazima ya watu mbalimbali. Katika plazima ya kawaida viliendelea kuogelea. Katika ile ya wenye G1 au G2 vilipasuka.

Nakala moja yatosha kuua kimelea. Hatari kubwa ya figo huja na mbili. Ni biashara ileile ya selimundu na malaria. Lakini hesabu haifungi vizuri hivyo. Rhodesiense ni wa mashariki, ilhali G1 hubebwa na takriban asilimia 38 ya kromosomu za Wayoruba waliopimwa, na Wahabeshi waliochunguzwa hawakukutwa nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulitoa mwanga: Uganda, wenye G2 walipata malale ya rhodesiense mara chache zaidi; Guinea, kwa malale ya kimelea kingine, gambiense, wenye G1 walielekea kubeba kimelea bila dalili. Kila umbo lina vita yake.

Mkulima asiye na APOL1

Lilibaki swali la tiba: figo hufa kwa kukosa APOL1 nzuri, au kwa kuwa nayo mbaya? Jibu lilitoka kwa mkulima wa India aliyeugua kimelea cha ngamia na ng'ombe mwaka 2004. Damu yake haikuwa na APOL1 hata kidogo, na ndiyo sababu kimelea kilimshika. Lakini figo zake zilikuwa nzima. Kwa hiyo protini hii si nguzo ya figo. G1 na G2 ni sumu, na sumu huzuiwa.

Ndipo ikatengenezwa inaxaplin, dawa ya kuziba tundu la APOL1. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2023, protini inayovuja kwenye mkojo, ile inayoufanya uwe na povu, ilipungua kwa asilimia 47.6 kwa wastani baada ya wiki 13. Matokeo ya kutia moyo, ila washiriki walikuwa 16 tu na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Si muda wa kupiga vigelegele.

Ukurasa unaofuata

Kwa miaka 14 vitabu vilifundisha kanuni moja: nakala mbili ni hatari, moja haina neno. Kanuni hiyo ilitoka kwa wagonjwa wa Marekani. Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya watu 8,355 wa Ghana na Nigeria. Nakala mbili ziliongeza uwezekano wa ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 25. Na nakala moja, ile isiyokuwa na neno, iliuongeza kwa asilimia 18.

Ni kosa la 2008 katika sura nyingine: kanuni ilikuwa sahihi kwa waliopimwa, ikavishwa wasiopimwa. MYH9 ilifungwa kwa sababu mashahidi wa Kiafrika walisomwa nusunusu. Nakala moja iliachiwa huru kwa sababu hawakuitwa wa kutosha. Sasa Ghana na Nigeria zimesikilizwa. Huku mashariki, anakoishi rhodesiense na ambako G1 ni chache zaidi, tarakimu za Accra haziwezi kunakiliwa tu. Na mafaili yanayosema “presha” yako tele.